Kijana wa watu kajiita mmbea kwenye CV na kopi nilimtolea mimi

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mi ndo nimekuzidi basi marahaba, maana huko gazetini mnaweka jina tu hamuweki sura.

Nina steshenari ndogo hapa Moshi mjini, siyo mbali na stendi ya mabasi. Kompyuta mbili, mashine ya kopi, na printa moja inayotafuna karatasi kama ng'ombe aliyeona majani ya mgomba. Kazi yangu ni kutaipia watu. Barua za kuomba kazi, CV, menyu za migahawa, vipeperushi vya hawa wanaopandisha wageni mlimani, katiba za vikundi vya kina mama, ratiba za misiba, vibao vya mlangoni. Mwaka wa 13 sasa. Kwa hiyo Kiingereza cha mji huu kikubwa kimepita mikononi mwangu, kizuri na kile kingine.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana mmoja aliyekuja na CV yake kaiandika kwa mkono, mwandiko mzuri tu, nikamtaipia kama ilivyo nikamtolea kopi 10 akalipa akaenda zake. Baada ya wiki mbili huyo karudi amenuna. Anasema kaitwa intavyuu kwenye loji moja huko njia ya Karatu, jina silitaji, yule mama wa kizungu aliyekuwa anamsaili kashika CV anaisoma mara anaanza kucheka mpaka anafuta macho, akamuuliza hivi kweli wewe mwenyewe ndo umeandika hapa kwamba wewe ni "nosy"? Na dogo kwa kujiamini kabisa akajibu ndiyo madam, tangu nikiwa mdogo.

"Nosy", mhariri, ni mmbea. Ni yule mtu anayeingiza pua kwenye sufuria za jirani. Kijana alitaka kusema yeye ni mdadisi, anapenda kujua mambo, kitu kizuri kabisa kwa mtu anayetaka kutembeza wageni, akafungua dikshonari yake akatafuta mdadisi, akakuta maneno matatu yamepangana na mkato katikati, akachukua lile fupi kwa sababu ndo rahisi kuandika bila kukosea spelingi. Basi.

Alikuja kunilaumu mimi. Anasema mama si ungeniambia. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba mi nalipwa kutaipu sikulipwa kufikiri, akaondoka. Ila usiku nimelala nageuka huku nageuka kule, maana ukweli ni kwamba lile neno nililiona na nikalipita. Mi mwenyewe nilidhani linamaanisha mdadisi! Nilivyotafuta vizuri kwenye simu ndo nikajua, na nikaanza kuchukia ule mkato. Huo mkato wa kwenye dikshonari unaokaa katikati ya maneno ndo umetuharibia watu wengi kuliko tunavyojua, kwa sababu sisi tunausoma kama "au". Tunaona maneno matatu tunafikiri ni ndizi tatu za kichane kimoja, chukua yoyote utashiba. Kumbe moja ni mshare, moja ni kisukari, na moja ni ndizi ya mbege, na ukiweka kisukari kwenye mtori familia itakushangaa mpaka Krismasi.

Shuleni tulifundishwa hivyo hivyo. Mwalimu anaandika ubaoni neno, mbele yake "maana yake", basi unakariri. "Big" kubwa, "large" kubwa, "great" kubwa. Hakuna aliyetuambia kwamba "my big brother" ni kaka yangu mkubwa, "my large brother" ni kaka yangu ana mwili, na "my great brother" ni kaka yangu unayemmwagia sifa kwenye hotuba ya harusi. Kaka ni yule yule mmoja!

Chukua kuomba. Sisi kuomba ni kitenzi kimoja kinalisha ukoo mzima. Unaomba kazi, unaomba maji, unaomba Mungu, unaomba samahani, unaomba ruhusa, unaomba namba ya simu ya dada wa watu, na yule anayekaa pale karibu na mnara wa saa ni ombaomba. Mwingereza kagawa hiyo kazi kwa watu tofauti. Kazi "apply", Mungu "pray", samahani "apologise", ruhusa "ask" na kama ni kwa barua basi "request", na "beg" kaiacha kwa mwenye bakuli au aliyepiga magoti. Sasa barua za "I am begging for a job" nilizotaipu siwezi kuhesabu. Na namuelewa kabisa anayeandika, kwa sababu kwetu kuomba ndo adabu yenyewe, ukiingia dukani ukasema "naomba sukari robo" umeonekana umelelewa, huwezi kusema tu "nipe". Kwa hiyo mtu akiandika "beg" anajua ameshusha sauti kwa heshima, huku mwenye ofisi kule anaona mtu ametandika kanga chini pembeni ya barabara.

Mwingine akaona hiyo inamdhalilisha, akabofya ile sehemu ya kompyuta inayotoa visawe, akaniambia weka hili hapa, "demand". "I demand a job in your company." Nikamuuliza kaka una uhakika, akasema kompyuta haiwezi kukosea. Sijui aliishia wapi.

Na "demand" nayo ndo kudai, sasa sikiliza: huyo huyo mtu wetu akimdai mgeni elfu tano ya teksi anamwambia "I demand you five thousand", mgeni anakamata pochi akidhani anaporwa. Wao deni wanalitaja kutokea upande wa mdaiwa, "you owe me". Na tukishaporwa kweli tunaenda kituoni kusema "they stole me", yaani wameniiba mimi mwenyewe mzima mzima, wakanibeba. "Steal" ni kitu kinachochukuliwa, "rob" ni mtu anayefanyiwa. Kwetu yote ni kuibiwa na tunaelewana.

Nije kwenye mlima sasa maana Moshi bila mlima siyo barua.

Kuna mpishi wa mlimani ni mrefu sana, wenzake wanamtania wanamwita nguzo ya umeme. Siku ya kwanza ya safari mpagazi mmoja kijana anataka kuwachangamsha wageni geti pale, anawaambia kwa fahari, "Our cook is very high." Wageni wakatazamana. Mmoja akauliza, is he okay? Kijana akasema yes yes, every day he is high, even his brother. Maana yake kwa wale wageni ni kwamba mtu atakayewapikia siku sita amevuta bangi, tena kila siku, tena ni ya kiukoo. Kiongozi alivyofika akakuta wageni hawataki kugusa hata karanga.

Refu letu ndo limetuponza. Kwetu mtu mrefu, mti mrefu, mlima mrefu, kamba ndefu, barua ndefu kama hii, hata kisima ni kirefu. Mwingereza kamba na barua ni "long", kisima "deep", mtu na mti ni "tall", halafu mlima ni "high". Nilijiuliza sana hii ya mlima, mpaka mwongozaji mmoja mzee, kazi kaifanya kabla hata ya simu za mkononi, akanieleza vizuri tukiwa tunasubiri umeme urudi. Anasema "tall" inapima mwili wa kitu kutoka nyayo mpaka utosi, "high" inaangalia kichwa kimefika wapi huko juu. Kilimanjaro tunaposema mita 5,895 tunapima kutoka usawa wa bahari, siyo kutoka hapa Marangu, kwa hiyo ni "the highest mountain in Africa". Ukitaka mwili wake wenyewe kutoka mguuni mpaka kileleni ni kama mita 4,900. Halafu akaniambia kuna mlima Hawaii unaitwa Mauna Kea, juu ya bahari ni mita 4,207 tu, yaani hata Meru wetu pale Arusha wa mita 4,500 na kitu unaupita, lakini miguu yake imezama chini kabisa baharini, ukiupima tangu huko unavuka mita 10,000. Kwa hiyo Everest na mita zake 8,849 ndo "highest" duniani, ila "tallest" wapo wanaompa Mauna Kea. Nikasema mae! Yaani ule mkato wa kwenye dikshonari kati ya "tall" na "high" umebeba milima miwili mizima, mmoja uko Asia na mwingine katikati ya Pasifiki.

Huyo mzee ndo pia alinifanya nibadilishe kipeperushi cha kampuni fulani waliponiletea niprinti, wameandika "our notorious guides". Walitaka kusema waongozaji wao ni maarufu. "Famous" ni maarufu kwa uzuri, "notorious" ni maarufu kama jambazi sugu anayetafutwa. Ingawa kusema kweli na sisi tukilifupisha neno lao "guide" kwa matamshi yetu linatoka gaidi, kwa hiyo pengine walikuwa wakweli tu. Natania.

Ila tusijidharau sana, na hapa nataka wasomaji wenzangu wanielewe. Kuna dada wa kizungu alikuja kujitolea kwenye kituo cha watoto, akawa anapita kwangu kutoa kopi, anajifunza Kiswahili kwa bidii yake yote. Siku moja ananiambia asubuhi ameosha nguo halafu amefua uso. Nilicheka mpaka mteja wa nje akaingia kuuliza kuna nini. Kwao ni neno moja, "wash". Nguo, sahani, mikono, mwili, gari, mtoto, vyote "wash". Sisi nguo tunafua, vyombo tunaosha, mikono na uso tunanawa, mwili tunaoga, mtoto tunamuogesha. Na mchele je? Shambani kule Moshi chini ni mpunga, dukani ni mchele, sahanini ni wali, mzungu hatua zote tatu ni "rice". Akija na dikshonari yake anakuta mpunga mkato mchele mkato wali, anachagua fupi kama kijana wangu, anaenda mgahawani kuagiza mpunga na maharage.

Dada huyo alinitesa sana na piga. Napiga simu, napiga picha, napiga pasi, napiga mswaki, napiga deki, napiga kura, napiga chafya, ananiuliza sasa mbona nyie mnapiga kila kitu, pasi imekukosea nini? Sikuwa na jibu. Nilimwambia ndivyo inavyosemwa, akaandika kwenye daftari lake. Baadaye nikafikiri hilo ndo jibu lenyewe, sisi hatuchagui "piga" kwa sababu ya maana ya kupiga, tunaichagua kwa sababu pasi inatembea nayo. Ni wachumba.

Sasa kwa nini Kiingereza kina maneno mengi yanayofanana hivyo? Hii niliisoma na imenifurahisha hivyo nivumilie. Mwaka 1066 Uingereza ilivamiwa na William kutoka Normandy huko Ufaransa, akawa mfalme, na wakubwa wote waliokuja naye wanaongea Kifaransa, na ikawa hivyo kwa zaidi ya miaka 200. Mkulima kijijini anaendelea na Kiingereza chake, mezani kwa bwana kinaongewa Kifaransa. Ndo maana mnyama akiwa zizini ana jina la mchungaji na akifika mezani ana jina la bwana. Ng'ombe "cow" nyama yake "beef", kondoo "sheep" nyama yake "mutton", nguruwe "pig" nyama yake "pork". Mtu akiniletea menyu ameandika "pig meat" sasa hivi namrekebisha bure. Na wala hatuna haja ya kushangaa, si sisi wenyewe nguruwe akiwa bandani ni nguruwe, akifika kwenye sahani na ndizi za kuchoma anakuwa kitimoto? Hakuna mtu anaingia baa akasema niletee nguruwe nusu kilo. Yaani anaweza, ila meza zote zitageuka.

Halafu juu ya Kifaransa wasomi wakamwaga Kilatini. Ndo unapata mtu anauliza "ask", akipanda cheo "question", akiwa polisi "interrogate". Nikikaa nikiangalia naona na sisi tuna ngazi hiyo hiyo, kuna neno la shambani la Kibantu na kuna neno lililokuja na Kiarabu limevaa koti. Kuuliza, kusaili, kuhoji. Mtoto anauliza, bodi inasaili, polisi anahoji. Kuku anakufa, mzee anafariki. Jaribu kumwambia mtu kwenye simu "pole nasikia baba yako amekufa" uone kama utapewa chai msibani. Hakuna mwalimu aliyetuandikia ubaoni tofauti ya kufa na kufariki, tuliisikia kwa wakubwa tangu tumebebwa mgongoni. Kiingereza hatukubebwa nacho mgongoni, ndo tatizo.

Mpaka hapa unaweza kucheka na mimi nimecheka, ila kuna upande nikiufikiria sicheki.

Shemeji yangu alikuwa dereva Arusha miaka ile ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ile Umoja wa Mataifa iliiunda Novemba 1994, ikawa inakaa pale AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Yeye alikuwa anapeleka na kurudisha watu, na mara nyingi abiria wake ni wakalimani. Anasema walikuwa wanatoka wamechoka kuliko mafundi wa zege. Shahidi anaongea Kinyarwanda, wao inabidi kitoke Kifaransa na Kiingereza, na pale hakuna kuchukua neno fupi kwa sababu spelingi rahisi. Sisi kuua ni kuua. Kwenye Kiingereza "kill" ni kuua tu, hata ajali inaua, hata malaria. "Murder" ni kuua kwa kukusudia, ndo kesi ambayo hata mahakama zetu zinaitenganisha na kuua bila kukusudia. "Massacre" ni kuua wengi kwa mpigo. Na "genocide" ni neno ambalo halikuwepo kabisa mpaka mwaka 1944, alilitunga mwanasheria Myahudi wa Poland anaitwa Raphael Lemkin, kwa sababu aliona maneno yote yaliyokuwepo hayatoshi. Na haliamuliwi na idadi ya maiti. Linaamuliwa na nia, kwamba ulitaka kulimaliza kundi la watu kwa kuwa ni kundi hilo, kabila lao au dini yao au taifa lao. Kiswahili nacho ilibidi kichague, mauaji ya halaiki ni jambo moja, mauaji ya kimbari ni jambo lingine, na redioni bado wanazichanganya.

Tarehe 2 Septemba 1998 hapo hapo Arusha ndo mahakama ya kimataifa kwa mara ya kwanza duniani ilimtia mtu hatiani kwa kosa hilo la "genocide", Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda. Na hukumu yake ilitenga sehemu nzima kueleza maneno ya Kinyarwanda, kwa mfano "inyenzi", ambalo ukilitafsiri kavu ni mende, sasa nani alilisema, wakati gani, akimlenga nani, mpaka mende akawa mtu wa kuuawa. Majaji walikaa chini na maneno hayo moja moja. Nikikumbuka hilo naona aibu nilivyomjibu yule dogo kwamba silipwi kufikiri.

Basi nikanunua kaunta buku. Kila neno la Kiingereza linalonitatiza siandiki tena "maana yake", naandika neno na rafiki zake ninaowakuta linatembea nao. Mfano kali. Hili likija kwenye karatasi ya mteja najua leo kuna kazi. Kisu kikali "sharp", mwalimu mkali "strict", dawa kali "strong", pilipili kali "hot", jua kali nalo "hot", mbwa mkali "fierce". Kuna baba mmoja alikuja anataka kibao cha geti kwa Kiingereza kwa sababu kampangisha mgeni nyumba ya uani, tayari kashapiga hesabu mwenyewe: jua kali ni "hot sun", pilipili kali ni "hot pepper", kwa hiyo mama andika hapa kubwa, HOT DOG. Nilimwambia baba hiyo ni soseji ndani ya mkate, huyo mgeni atakuja getini na haradali mkononi. Tuliandika "Beware of the dog", kwa sababu ndivyo wenyewe wanavyoandika, hawasemi mbwa ni nani, wanakwambia wewe ujihadhari. Alilalamika maneno yamekuwa mengi na rangi ni ghali.

Na kaunta buku hilo limenifundisha kuuliza mteja swali moja kabla sijaandika, unamwandikia nani? Kuna mtu aliniletea barua ya kuomba ruhusa kwa bosi wake wa kizungu, "I will be on safari for four days to bury my uncle". Kwetu safari ni safari, hata ya kwenda Dar kwa basi na jeneza kwenye buti. Wao walilichukua neno letu wakalifungia mbugani, kwao safari ni landrova, kofia na simba. Nikamwambia weka "travelling". Neno letu wenyewe na bado linatugeuka!

Halafu "uncle" huyo alikuwa mjomba au baba mdogo? Kiingereza hakijali. Kwa Wachagga hiyo ndo habari yenyewe, maana inaamua nani analipa nini.

Yule kijana alirudi tena mwezi uliopita. Nilimkaribisha kiti, sikumdai hela ya kutaipu. Tulikaa na lile neno moja karibu nusu saa watu wanasubiri kopi wananuna. "Curious" ilikuwa nzuri ila pale ilipokaa peke yake ilionekana kama mtoto anayeshika shika vitu. "Inquisitive" nikaona bado ina kamkia ka umbea. Mwisho tukaacha kutafuta neno moja tukaandika kawaida tu kwamba anapenda kujifunza, "keen to learn", na chini yake akaongeza kwamba anajua majina ya ndege zaidi ya 200 kwa Kiingereza na Kichagga, jambo ambalo kwenye CV ya kwanza hakuliweka kabisa. Hilo la ndege ndo udadisi wenyewe, lilikuwepo muda wote. Sijasikia kama kapata.

Ombi langu kwako mhariri ni dogo. Mna ukurasa wa chemsha bongo na nyota na mapishi, tupeni hata kipande cha ukubwa wa kibiriti kila Jumamosi, maneno mawili tu ya Kiingereza yanayofanana, na mifano ya mahali yanapokaa. Msiweke mkato katikati. Wapo walimu wastaafu wengi mji huu wangeandika kwa furaha, na mimi nina kaunta buku linakaribia kujaa.

Na kama kuna msomaji mjuzi anisaidie hili upesi. Jirani yangu hapa ana vyumba vinne nyuma anataka kibao, wageni wanaojitolea wapange. Mwanae kaandika "Rooms for hire", nikasema hapana, "hire" ni gari na viti vya harusi. Mwingine kasema "for rent", hiyo ni sawa. Mi nikasema kwa Kiingereza cha Uingereza mwenye nyumba ana-"let" na mpangaji ndo ana-"rent", tuandike "Rooms to let". Fundi rangi kaanza kuchora mchoro na penseli, TO LET kubwa, mama akasimama akaangalia kwa muda mrefu, akasema hapo katikati watoto wa mtaa huu wataongeza "i" kabla rangi haijakauka na mimi nitashinda nafukuza watu wanaotafuta choo. Sasa anasema fundi aandike VYUMBA VIPO tu, mzungu atakayetaka atauliza. Fundi anarudi Jumamosi.

Ni mimi mama wa steshenari,
Moshi.